Nyumba ya marehemu: mnunuzi atamke bei gani?

Majuma matatu yaliyopita, baada ya swala ya alasiri, walitujia mtu na mkewe kutaka shauri. Mume ni seremala, mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Wamepanga vyumba viwili huko Isevya kwa miaka kumi na mmoja, Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto wanne, na kwa kujinyima sana wamejiwekea akiba ya shilingi milioni 58. Nyumba waitakayo wameshaiona. Ipo Gongoni, ina vyumba sita na ukumbi katikati, ua wake ni mpana wenye mwembe mkubwa, na kenchi zake ni za mninga wa zamani, mti ambao sisi watu wa Tabora hatuhitaji kuelezwa sifa zake.

Mwenye nyumba amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na warithi wamekubaliana kuuza. Dalali amewatajia milioni 80. Kisha alipowasindikiza hadi njiani, akamwinamia mume na kumnong'oneza ya kuwa mmoja wa warithi ana deni linalomkaba na kwamba nduguze wamechoka kumsikiliza. Akitokea mtu mwenye fedha taslimu akataja milioni 40, watachukua.

"Shekhe," akatuuliza yule bwana, "ni halali nitaje arobaini?"

Mkewe hakuuliza neno. Alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Yule bibi bado yumo edani."

Tuliwajibu kwa ufupi siku ile, kwa kuwa magharibi ilikuwa inakaribia. Lakini swali lao tumelisikia mara nyingi kwa sura mbalimbali, kutoka Nzega, Urambo, hata Ujiji, na tumeona ni bora tulifungue hapa ukurasani, maana ununuzi wa nyumba kwa wengi wetu hutokea mara moja tu katika umri, na mtu akikosea bei hana pa kujifunzia tena.

Tuanze na lililo jepesi. Kushindana bei si dhambi wala si utovu wa adabu. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alimtaka Jabir bin Abdillah (r.a.) amuuzie ngamia wake wakiwa safarini, wakazungumza bei mpaka wakaafikiana, walipofika Madina akamlipa thamani yote, kisha akamrudishia na ngamia. Anayedhani uchamungu ni kulipa kila unachoambiwa hajaisoma sira vizuri. Muuzaji ana haki ya kutaja juu, mnunuzi ana haki ya kutaja chini, na sharia haikuweka kiwango cha faida ambacho mtu akikivuka biashara yake imeharibika.

Ila ruhusa hiyo ina mipaka yake. Uongo umeharamishwa kwa muuzaji na kwa mnunuzi sawasawa. Tumezoea kumlaumu muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa, na ni kweli Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini alimkemea mwenyewe vikali. Lakini je, yule mnunuzi anayeingia nyumba ya watu, akapiga teke ukuta, akatikisa kichwa na kusema "hii imekwisha, hii ni ya kubomoa", naye moyoni ameshapanga kitanda kitakaa upande gani? Huo nao ni uongo, tena ni uongo unaosemwa mbele ya watoto wa marehemu juu ya jasho la baba yao. Tumeushuhudia, na hatuna neno zuri la kuusemea.

Mpaka wa pili ni dhiki ya mwenzio. Wanazuoni wengi wamechukia mtu kumnunulia aliyebanwa na shida kwa bei ya kumpunja. Wakasema linalopasa ni kumkopesha, au kumvumilia kama unamdai, au kumnunulia kwa ile wanayoiita bei ya mfano, yaani bei ambayo kitu kama kile hupata pale mahali, kwa wakati ule, baina ya watu wasiobanwa. Hili ndilo neno kuu katika suala letu. Mume aliuliza kama ni halali kutaja arobaini, nasi tukamuuliza: bei ya mfano wa nyumba ile ni ngapi? Hakuwa anaijua. Alikuwa na namba mbili tu, themanini na arobaini, na zote mbili zilitoka kinywani mwa dalali.

Basi tukawatuma wakatafute. Njia ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu, ni kuuliza nyumba za aina ile zimeuzwaje karibuni. Tunasema zimeuzwaje, wala si zinauzwaje, maana bei inayotajwa na bei inayolipwa ni vitu viwili. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kaa barazani na wazee baada ya swala, mtafute aliyenunua mwaka jana umuulize kwa upole. Wao walipata mbili mtaani humo, zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja na nusu: moja kwa milioni 61, ya pili, iliyo karibu na barabara, kwa milioni 67.

Njia ya pili ni ya fundi, na kwa seremala wetu ilikuwa rahisi. Kiwanja kitupu cha ukubwa ule pale Gongoni walikadiria milioni 22. Kujenga upya nyumba ya vyumba sita, kwa mahesabu ya mafundi wenzake, milioni 66. Lakini ile si mpya, basi akaondoa thuluthi kwa ajili ya uchakavu, ikabaki milioni 44. Jumla 66. Akatoa milioni 6 za matengenezo ya lazima, ikawa 60.

Njia ya tatu ni kodi. Vyumba sita kwa shilingi 40,000 kila kimoja ni shilingi 240,000 kwa mwezi, sawa na 2,880,000 kwa mwaka. Nyumba ya milioni 64 ingerudisha fedha yake kwa zaidi ya miaka ishirini na mbili, bado hujapaka rangi. Kwa mtu anayenunua ili apangishe hiyo ni bei ya kujifikiria mara mbili. Kwa anayenunua ili aishi na wanawe hesabu hii ina uzito mdogo, ingawa si bure kuifanya: inamkumbusha kwamba sehemu ya fedha anayolipa ni ya mapenzi yake, na mapenzi yana haki ya kulipiwa maadamu mtu anajua anachokifanya. Mwenye uwezo anaweza pia kumlipa mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya uthamini ya mwaka 2016, na pale ambapo warithi wanatiliana shaka hati ya mthamini huokoa maneno mengi.

Walirudi kwetu na namba sitini hadi sitini na saba. Arobaini haimo humo, wala themanini.

Hapo tukamchorea mume hesabu nyingine, ambayo kwa maoni yetu kila anayenunua nyumba ya mirathi angepaswa kuifanya kabla hajafungua kinywa. Marehemu ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mabinti watatu. Mazishi yamekwisha kulipiwa, madeni yake yamekwisha, wasia hakuacha. Mke kwa kuwapo watoto hupata thumuni. Kinachobaki hugawanywa mafungu saba, kila mwanamume mawili, kila binti moja. Nyumba ikiuzwa kwa milioni 64, mjane anapata milioni 8, kila binti milioni 8, na kila mwanamume milioni 16. Ikiuzwa kwa milioni 40, mjane anapata 5, kila binti 5, kila mwanamume 10. Katika milioni 24 ambazo mnunuzi anajivunia kuokoa, 12 zimetoka kwa wale wanaume wawili, 9 kwa mabinti na 3 kwa mjane. Mwenye deni ni mmoja tu kati ya hao sita. Watano waliobaki wanauziwa kwa bei ya deni la ndugu yao.

Yule bwana alikaa kimya. Kisha akasema jambo ambalo tulilipenda kwa ukweli wake: "Lakini shekhe, mimi nami nina wanangu wanne." Ni kweli, na hatukumwambia asijali. Hakuna aliyemwamuru mnunuzi kuwa mfadhili wa warithi. Jarir bin Abdillah (r.a.), kama alivyopokea Tabarani, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwendea muuzaji akamwambia farasi wako anastahili zaidi, akawa anampandishia mia mia mpaka 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Hicho ni kilele, na si kila mtu anaishi kileleni. Tunachodai kwa seremala wetu ni kidogo kuliko hicho. Asitoke nje ya bei ya mfano kwa kuitumia dhiki ya mtu, na ndani ya bei ya mfano azungumze kwa nguvu zake zote.

Kisha kuna nyumba zenyewe za Tabora, ambazo si kama za miji iliyopimwa jana. Mji huu ulikua kwa misafara. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857 walikuta tayari wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani wamejenga, chini ya utawala wa watemi wa Unyanyembe. Tembe la Kwihara alilokaa Livingstone mwaka 1872 ni mfano wa majengo ya wakati huo. Wakaja Wamanyema, wakaja watu wa Ujiji na wa Bagamoyo, wakaoana na Wanyamwezi, na reli ilipofika mwaka 1912 wakaja wengine. Miembe iliyofuata njia ile ya misafara ingali inazaa, na kizazi cha wale waliopita chini yake kimetawanyika vilevile. Ndiyo maana nyumba moja ya Gongoni au Ng'ambo inaweza kuwa na mrithi Tabora, mwingine Kigoma, wa tatu Dar es Salaam, na wa nne Muscat ambaye hajaiona tangu utotoni lakini fungu lake limo mle ukutani.

Kwa mnunuzi, hili lina maana katika bei. Nyumba ambayo warithi wote wamejulikana, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama na karatasi zipo ni mali nyingine kabisa na nyumba ambayo kaka mmoja ndiye anayeitembeza. Kuta ni zilezile, lakini kile unachonunua si kuta. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu huuza haki ya kumiliki na maendelezo aliyoyafanya. Kama kuna hati, itazame imetolewa kwa miaka mingapi, 33 au 66 au 99, na imebaki mingapi. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi uone kama haina rehani wala zuio. Kama hakuna hati bali karatasi za mauzo za zamani tu, basi zisomwe zote, kuanzia ya kwanza, mbele ya uongozi wa mtaa na majirani wa pande zote nne. Na bei ipungue kwa kadiri ya kazi na hatari utakayoirithi. Kupunguza kwa sababu hii ni haki iliyo wazi, wala si kumpunja mtu. Mwambie muuzaji kwa nini umepunguza, naye aamue kama atatafuta karatasi kwanza auze ghali, au akuuzie hivyo hivyo kwa nafuu.

Na isifanyike kamwe kumnunulia mrithi mmoja fungu lake kwa siri. Mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya shufaa: akiuza mmoja kwa mtu wa nje, wenzake wanaweza kulitwaa fungu lile kwa bei ileile. Katika madhehebu yetu ya Shafi haki hiyo ni ya mshirika, na Mahanafi wakampa hata jirani. Kuna kisa katika Sahih al-Bukhari ambacho hatuchoki kukisimulia. Abu Rafi' (r.a.) alikuwa na vyumba viwili ndani ya makazi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), akamwomba avinunue. Saad hakutaka, Miswar bin Makhrama akashikilia kwamba lazima anunue. Saad akasema hatoi zaidi ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akasema kwamba ameshapewa dinari 500 kwa vyumba hivyo, nazo ni nyingi kuliko hizo, lakini kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akimtanguliza jirani kwa ukaribu wake, akamwachia Saad. Mzingatie msomaji: Saad alitaja bei yake waziwazi, akataja na namna atakavyolipa, hakulaghai. Muuzaji naye akamweleza waziwazi anachokikosa. Kila mmoja alijua mwenzake anampa nini.

Tumgeukie dalali. Udalali ni kazi ya halali na madalali wema wapo, tunao hata miongoni mwa wasomaji wetu. Lakini kuna desturi iliyoenea inayoitwa cha juu: mwenye nyumba anataka sabini, dalali anakutajia themanini, na kumi zinapotea baina yenu bila yeyote kuzijua. Dalali ni wakili, na uwakili ni amana. Ujira wake uwe wa kujulikana na waliomwajiri. Nyongeza anayojificha nayo haina jina zuri. Vilevile yule anayeleta mnunuzi wa uongo aje apandishe bei mbele yako ameingia katika kile kilichokatazwa kwa jina la najshi. Dawa yake ni moja: usitoe bei mpaka umekaa na wenye mali wenyewe. Tuliwaambia hawa wawili waende nyumbani kwa marehemu, wajulikane, ndipo wazungumze.

Walikwenda Ijumaa, yeye kaka na wazee barazani, mke ndani kwa yule bibi. Tunasimuliwa ya kuwa alipoamkia, "Shikamoo mama," bibi alimwitikia "Marahaba, mwanangu," akamwuliza ana watoto wangapi, na walipoagana akamwonyesha mwembe ule na kumwambia wa mwaka huu umechelewa. Juu ya bei hawakusema lolote. Kumbe barazani nako msimamizi wa mirathi, mtoto mkubwa, alisema bila kuulizwa mara mbili kwamba wao wanataka milioni 70. Zile kumi zilikuwa za dalali.

Kuhusu eda, jambo hili watu hulipitia haraka mno. Mwenye kufiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, isipokuwa mwenye mimba, ambaye eda yake ni kujifungua. Furay'a bint Malik (r.a.), dada wa Abu Said al-Khudri, alipofiwa na mumewe alitaka kurudi kwao, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza akae katika nyumba yake mpaka muda utimie. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi mjane ana haki ya makazi katika muda huo. Je, hiyo ina maana nyumba haiuziki? La. Wanazuoni wa madhehebu wamejuzisha kuuza nyumba anayokaa mwenye eda ya miezi, kama inavyouzwa nyumba iliyopangishwa, mnunuzi akasubiri muda uishe. Kinachokatazwa ni kumtoa. Basi mnunuzi mwenye busara huliweka hili katika bei anayotoa, tena liandikwe: kwamba bibi hataguswa hadi eda iishe, na ikibidi miezi miwili baadaye hadi apate pa kwenda. Wapo warithi ambao sharti kama hilo kwao lina thamani kuliko milioni mbili za ziada, na mnunuzi aliyekwisha kukaa upangaji miaka kumi na mmoja hafi kwa miezi mitatu zaidi.

Sasa mfuko. Milioni 58 si milioni 58 za bei. Kuna ada za kuhamisha umiliki, ushuru wa stempu, wakili, upekuzi, na kuna yale matengenezo. Seremala alipopanda darini na tochi alikuta mninga mzima kabisa, lakini mchwa wameingia fremu za milango ya nyuma, na ukuta mmoja wa tofali mbichi upande wa uani umelika chini kwa matone ya mvua kwa kuwa bati halikutokeza vya kutosha. Nyumba za hapa zitazamwe baada ya mvua, si mwezi wa Agosti, wakati kila ukuta unaonekana mkavu. Walikadiria kubakiza milioni 12 kwa hayo yote. Basi wana milioni 46 za kushika mkononi.

Zinazopungua zitoke wapi? Mume aliwahi kufikiria mkopo wa kawaida wenye riba, akasema "kidogo tu". Tukamwambia riba haina kidogo, na kwamba mtu asiongeze bei ya nyumba kwa fedha ambayo itamfanya alale ndani yake bila usingizi. Ziko benki zinazouza kwa murabaha, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, na ziko benki nyingine zenye dirisha la Kiislamu. Anayekwenda huko asome mkataba, aulize benki inainunua nyumba kwanza au inampa fedha tu. Lakini kabla ya benki kuna njia ya Saad: kulipa kwa mafungu kwa muuzaji mwenyewe, kwa bei moja isiyopanda na muda unaojulikana.

Na arubuni? Neno hili tumelirithi pamoja na ugomvi wake. Shafi na wengi wa wanazuoni hawakujuzisha arubuni inayoliwa na muuzaji biashara ikivunjika, Mahanbali wakaijuzisha. Hoja yao mojawapo ni kwamba Nafi' bin Abdilharith alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka iwe jela, kwa sharti kwamba Umar (r.a.) akiridhia biashara imetimia, asiporidhia Safwan achukue 400. Baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu liliikubali mwaka 1993, mradi muda wa kungoja uwe umewekewa mpaka. Sisi tunawashauri wasomaji wetu wanaofuata Shafi waandike kwamba kilichotangulizwa ni sehemu ya bei na kitarejeshwa biashara isipotimia kwa sababu ya karatasi au mrithi kukataa. Akikataa muuzaji kuandika hivyo, umeshajifunza jambo juu yake.

Kuhusu istikhara pia tuliulizwa. Ni sunna, na waisali. Lakini wapo wanaoisali ili wasipige hesabu. Kwanza upekuzi, kisha rakaa mbili.

Bei waliyoitamka hatimaye ni milioni 62. Hatukuwachagulia sisi, waliikubaliana wenyewe usiku, mke akiwa ndiye aliyeandika kwenye daftari la shule. Milioni 46 siku ya kusaini, na 16 ndani ya miezi kumi na miwili bila nyongeza. Thumuni ya mjane, ambayo kwa bei hiyo ni shilingi 7,750,000, ilipwe yote katika fungu la kwanza warithi wakiridhia, asingojeshwe mwaka mzima na watoto wake. Bibi akae hadi eda iishe na miezi miwili juu yake. Wakaeleza na kwa nini hawakufika sabini: fremu, ukuta wa uani, na nyumba mbili za jirani zilivyouzwa. Msimamizi alisikiliza, akawauliza kama wanaweza kufika 66. Mwenye deni alikuwapo na alitaka wamalizane palepale hata kwa pungufu. Kaka yake akamwambia anyamaze. Hawakuafikiana siku ile. Mume ametuambia yuko tayari kufika 64 ikiwa malipo ya pili yatakuwa ya miezi kumi na minane, na zaidi ya hapo ataiacha nyumba, ingawa alipolisema hilo sauti ilimpungua.

Kwa sasa kila kitu kimesimama kwa sababu moja. Binti wa tatu yuko Ujiji na hajatia sahihi yake ya kuridhia. Ameandika kwamba hatasaini alichotumiwa kwa simu mpaka aje aione nyumba ya baba yake mara moja zaidi. Ametuma salamu kwamba atapanda treni ya Kigoma mwisho wa mwezi. Wale wawili wamekubali kumngoja.